Mgeni Asiye na Saa Yake: Miaka Yangu ya Kutunza Muda Ndani ya Mashine Pepe

Stakabadhi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya shilingi 150,000. Mhasibu mkuu wa chama cha akiba na mikopo nilikokuwa nikifanya kazi, hapa Dar es Salaam, aliiweka juu ya meza yangu pamoja na orodha ya miamala iliyochapishwa kutoka kwenye kanzidata, akapigia mstari sehemu mbili kwa kalamu ya bluu, kisha akaniuliza bila kupandisha sauti: "Mwanangu, hii fedha iliingia kwenye akaunti kabla mwenyewe hajaileta dirishani?" Stakabadhi ilionyesha kuwa keshia alipokea fedha saa 10:14:07, wakati kanzidata ilikuwa na hakika kwamba muamala huohuo uliandikwa saa 10:12:25. Nilipojaribu kueleza kwamba huenda ni kosa la uchapaji, alifungua bahasha na kunionyesha nyingine 10, kila moja na tofauti yake, na zote zikielekea upande mmoja.

Huo ulikuwa mwaka 2011, miezi michache baada ya kuhamisha seva zetu 6 za chuma, kila moja na kelele zake na feni zake, kuziingiza kama mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, ndani ya seva 2 kubwa. Kazi ile nilijivunia sana. Umeme tuliokuwa tukitumia ulipungua, chumba cha seva kilipoa, na kuanzisha seva mpya kukawa kazi ya dakika chache badala ya wiki za kusubiri mzigo bandarini. Jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo ni saa. Seva za chuma tulizokuwa nazo zilikuwa na utaratibu wa kizamani: kila usiku wa manane programu ndogo iliuliza saa kwenye intaneti na kuirekebisha ya kwetu mara moja, basi. Ulitosha, kwa sababu kioo cha kwatzi kilichomo ndani ya kompyuta ya kawaida hukosea sekunde moja au mbili kwa siku, na sekunde mbili hakuna mhasibu anayeziona. Nilihamisha utaratibu huo jinsi ulivyokuwa, nikaamini kuwa saa imehama pamoja na seva.

Haikuhama. Mashine pepe haina kioo cha kwatzi. Ina picha tu ya saa ambayo haipavaiza, yaani programu inayogawa seva ya kweli (mwenyeji) kwa mashine pepe zilizomo (wageni wake), huichora mbele ya kila mgeni, na ubora wa picha hiyo hutegemea kama mwenyeji ana nafasi ya kuichora kwa wakati. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, tuliyokuwa nayo wakati ule, toleo la 2.6.18, ilitunza muda kwa kuhesabu mipigo: iliomba ikatizwe mara 1,000 kwa sekunde, na kila ilipokatizwa iliongeza milisekunde 1 kwenye saa yake. Kwenye chuma hesabu hiyo haina tatizo. Kwenye mashine pepe, mgeni anaweza kuwa amewekwa kando kwa milisekunde 30 kwa sababu prosesa imepewa mgeni mwingine, na katika muda huo hakuna wa kumpigia mipigo yake 30. Anaporudi, ama haipavaiza inampigia yote kwa haraka kama mtu anayelipa deni, ama baadhi inapotea moja kwa moja. Seva yetu ya kanzidata, ambayo ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi kuliko zote, ilikuwa ikipoteza. Haikupoteza sana: mpigo mmoja hivi katika kila 360. Fanya hesabu, utapata sekunde 10 kwa saa na dakika 4 kwa siku. Ndiyo maana stakabadhi za mhasibu zilizotolewa mapema asubuhi zilikuwa na tofauti ndogo na zile za jioni zilikuwa na tofauti kubwa. Deni lilifutwa usiku wa manane na kuanza kulimbikizwa upya.

Kuligundua hilo kulinichukua siku 2, na sehemu kubwa ya siku hizo niliipoteza kwa kosa ambalo hadi leo nawaona vijana wakilirudia. Nilikuwa nikiipima saa ya mgeni nikiwa ndani ya mgeni. Nilimwambia alale sekunde 60, nikamuuliza amelala sekunde ngapi, akajibu 60, nami nikaridhika. Bila shaka angejibu 60, maana anayehesabu usingizi ni yeye na saa anayoitazama ni yake. Siku ya pili nilivua saa ya mkononi, nikaiweka juu ya kibodi, nikamwamuru mgeni alale sekunde 600 na nikabonyeza kitufe cha kuanzia kwa wakati uleule. Alipoamka, saa yangu ilikuwa imefika sekunde 601 na ziada. Nilirudia mara 3 nikiwa nimekaa kimya kama mvuvi, na mara zote aliamka akiwa amechelewa kwa zaidi ya sekunde moja na nusu. Kisha nikafungua madirisha 2 kwenye skrini, moja la mwenyeji na moja la mgeni, yote yakiandika saa kila sekunde. La mwenyeji lilikwenda kwa utulivu. La mgeni lilikwenda vizuri kwa muda, likasita kidogo kama mtu aliyejikwaa, kisha likaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dawa niliyoikimbilia ilikuwa ntpd, programu inayosawazisha saa mfululizo badala ya mara moja kwa siku. Itifaki inayotumiwa nayo, NTP, ni kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, na andiko lake la kwanza lilitoka mwaka 1985. Wazo lake ni zuri kwa usahili wake: mteja anaandika saa aliyotuma swali, seva inaandika saa iliyopokea na saa iliyojibu, mteja anaandika saa aliyopata jibu, na kutokana na mihuri hiyo 4 unapata umbali wa safari na tofauti ya saa mbili. Sharti lake ni kwamba safari ya kwenda na ya kurudi ziwe na urefu unaokaribiana. Ndani ya mashine pepe sharti hilo huvunjwa na mwenyeji mwenyewe, kwa sababu jibu linaweza kufika mlangoni na kumkuta mgeni amewekwa kando. Akiligusa milisekunde 30 baadaye, hesabu inaamini kuwa njia ya kurudi ndiyo iliyokuwa ndefu na saa inakosewa kwa milisekunde 15. NTP inajikinga kwa kuangalia vipimo 8 vya mwisho na kuamini kile chenye safari fupi zaidi, na kinga hiyo inasaidia sana, lakini haikuwa tiba ya ugonjwa wetu.

Ugonjwa wetu ulikuwa mkubwa kuliko dawa. Programu ile haikubali kuivuta saa kwa kasi inayozidi sehemu 500 katika milioni, yaani sekunde 43 na kidogo kwa siku, na sisi tulikuwa tukipoteza sekunde 240. Ikishindwa kuivuta polepole, inasubiri kwanza ijiridhishe kuwa tofauti ni ya kweli, kisha inairusha saa kwa mkupuo. Kumbukumbu za mfumo zikajaa mistari ya aina moja, karibu kila robo saa: saa imerushwa mbele kwa sekunde 2.05, saa imerushwa mbele kwa sekunde 2.11, saa imerushwa mbele kwa sekunde 1.98. Mhasibu mkuu aliacha kulalamika, kwa sababu tofauti ya sekunde 2 ilikuwa imerudi chini ya upeo wa macho yake. Mimi nilikuwa nikiona aibu kila nilipofungua kumbukumbu zile.

Ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naona lilikuwa kubwa kuliko la kwanza kwa kuwa nililifanya kwa makusudi. Haipavaiza yetu ilikuja na zana zake za kusakinishwa ndani ya mgeni, na miongoni mwa kazi za zana hizo ilikuwa kuisogeza saa ya mgeni ilingane na ya mwenyeji. Nikasema afadhali niwe na walinzi wawili kuliko mmoja, nikaiwasha na ntpd nikaiacha ikiendelea. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zana za mwenyeji ziliisogeza saa mbele. Ntpd, ambayo ilikuwa katikati ya kuivuta, ikaona saa imeruka bila yenyewe kuhusika, ikahitimisha kuwa kioo kinakimbia, ikaanza kukizuia. Zana zikaona mgeni amechelewa tena, zikamsukuma tena. Juu ya hayo, keneli yenyewe ilikuwa na ujanja wake wa kubaini mipigo iliyopotea na kuifidia, na pale ambapo haipavaiza ilileta mipigo iliyolimbikizwa baada ya keneli kuwa imeshaifidia, mipigo ileile ilihesabiwa mara mbili. Kwa mara ya kwanza saa ya kanzidata ikawa inatangulia. Saa iliyotangulia hurekebishwa kwa kurudishwa nyuma, na hapo nilijifunza kwamba kuchelewa ni usumbufu tu ukilinganisha na kurudi nyuma.

Programu ya mikopo ilikuwa ikikokotoa riba kwa kutoa wakati wa muamala uliotangulia kutoka kwenye wakati wa muamala wa sasa. Aliyeiandika, kama watu wote wenye akili timamu, hakutarajia jibu hasi. Jioni moja saa ilirudishwa nyuma kwa sekunde 3 katikati ya kazi ya kufunga siku, miamala 2 ya mwanachama mmoja ikapishana kinyumenyume, na kazi nzima ikasimama na ujumbe ambao haukutaja saa hata kwa neno moja. Tulikaa hadi saa mbili usiku tukitafuta kosa kwenye riba. Tangu siku ile, programu yoyote ninayoweza kuigusa naitaka ipime muda uliopita kwa ile saa ya keneli isiyorudi nyuma kamwe, ile inayohesabu tangu mashine iwashwe, na saa ya ukutani ibaki kwa ajili ya kuandikia tarehe tu.

Nilichofanya hatimaye kilikuwa kidogo na cha kuchosha kukisimulia. Nilizima usawazishaji wa zana, nikabaki na msahihishaji mmoja. Niliongeza kwenye mstari wa kuwashia keneli agizo la divider=10, ambalo huipunguza idadi ya mipigo kutoka 1,000 hadi 100 kwa sekunde, nikazima na ule ujanja wa kufidia. Mgeni anayedai mipigo 100 ni rahisi kumhudumia kuliko anayedai 1,000, hasa wageni wakiwa 6 na kila mmoja akigonga mlango. Upotevu ulishuka hadi ndani ya uwezo wa ntpd, na mistari ya kurusha saa ikatoweka kwenye kumbukumbu. Nilidhani nimemaliza.

Wanaoukumbuka mwaka 2011 hapa Tanzania wanaukumbuka kwa mgawo wa umeme. Tulikuwa na jenereta, na kati ya jenereta na seva kulikuwa na betri za kushikilia mzigo kwa dakika chache, na betri hizo zilikuwa zimechoka kwa kufanya kazi kila siku. Usiku mmoja zilikata tamaa, seva zote mbili zikazima ghafla, na umeme uliporudi zikawaka zenyewe bila mtu. Ndani ya kila ubao mama kuna kibetri cha duara, CR2032, ukubwa wa sarafu, kazi yake ikiwa kuikumbusha kompyuta tarehe wakati haina umeme. Cha seva yetu ya kwanza kilikuwa kimekufa, na hakuna aliyejua, maana seva ile ilikuwa haijawahi kuzimwa tangu inunuliwe. Ilipowaka ilijitambulisha kuwa tarehe ni 1 Januari ya mwaka ambao yenyewe ilikuwa haijatengenezwa. Kila mgeni alipoamka alitazama saa ya ukutani ya mwenyeji wake na kuiamini.

Hapo ndipo mpangilio wangu ulipofichua ubaya wake. Seva iliyosimamia majina na nywila za watumiaji ilikuwa mmoja wa wageni, na kwa mazoea ya ofisi ndiyo iliyokuwa chemchemi ya saa kwa karibu kila kompyuta ya jengo. Nami, kwa kutaka kila kitu kifuate chemchemi moja, nilikuwa nimemwelekeza hata mwenyeji achukue saa kwake. Kwa hiyo mwenyeji alimuuliza mgeni saa ngapi, mgeni akatazama saa ya mwenyeji, akamjibu, wote wakakubaliana, na wote walikuwa wamepotea kwa miaka kadhaa. Kwa wageni wengine ambako ntpd ilikuwa bado ikiuliza nje, kwenye intaneti, programu iliona tofauti inayozidi sekunde 1,000, ikaamua kuwa jambo kama hilo si la kawaida na haifai kuligusa bila binadamu, ikaandika mstari mmoja na kujizima. Kulikuwa na agizo la kuiruhusu ikubali tofauti kubwa mara moja tu inapowashwa, ni herufi moja, -g, na sikuwa nimeiweka. Asubuhi kompyuta za makeshia, ambazo saa zake zilikuwa sahihi, hazikuweza kuingia kwenye mfumo hata moja, kwa sababu Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji, haimkubali mteja ambaye saa yake inatofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Ujumbe ulioonekana kwenye skrini ulisema nywila si sahihi. Foleni ya wanachama ilifika hadi nje kwenye mwembe, na mimi nilikuwa nikibadilisha nywila za watu waliokuwa wameziandika kwa usahihi.

Baada ya siku hiyo nilinunua vibetri vipya, nikaandika tarehe ya kila kimoja kwa kalamu ya alama pembeni mwa seva, na nikaitoa chemchemi ya saa nje ya nyumba inayoihudumia. Ni kompyuta ndogo ya kweli, isiyo mgeni wa mtu, iliyounganishwa na kipokezi cha GPS ambacho antena yake iko juu ya paa. Setilaiti za GPS zimebeba saa za atomiki, na kipokezi kizuri hutoa mpigo mmoja wa umeme kila sekunde inapoanza, kwa usahihi ambao ofisi ya mikopo haitauhitaji kamwe. Nilichokihitaji mimi ni saa isiyotegemea intaneti wala haipavaiza. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: GPS haihesabu sekunde za nyongeza, zile zinazoongezwa mara mojamoja ili saa iendane na mzunguko wa dunia, na tangu mwaka 2017 iko mbele ya saa ya dunia, UTC, kwa sekunde 18. Taarifa ya tofauti hiyo hutumwa ndani ya ujumbe wa setilaiti unaochukua dakika 12 na nusu kukamilika, kwa hiyo kipokezi kilichowashwa sasa hivi kinaweza kukudanganya kwa sekunde chache hadi kipate ujumbe wote. Kwetu tunakiacha robo saa kabla ya kukiamini.

Sekunde hizo za nyongeza nazo zilinitembelea mara moja. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 1 Julai 2012, ilipofika saa tisa usiku kwa saa zetu, sekunde moja iliongezwa duniani kote, na hitilafu katika keneli za Linux za wakati ule ilizifanya baadhi ya programu, hasa zilizoandikwa kwa Java, kuzunguka bure na kula prosesa yote. Kwenye seva ya chuma lingekuwa tatizo la seva moja. Kwenye mwenyeji mwenye wageni kadhaa waliopatwa sekunde ileile, wote walianza kudai prosesa kwa pamoja, na hata wale wasiougua wakakosa hewa. Tiba ilikuwa ya kuchekesha: unaiambia mashine tarehe ileile iliyonayo, na inatulia. Sekunde ya mwisho ya aina hiyo iliongezwa mwishoni mwa mwaka 2016, na mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa uliamua utaratibu huo uwe umebadilishwe ifikapo 2035, uamuzi ambao niliupokea kwa furaha isiyolingana na cheo changu.

Nitaje hapa jambo ambalo kwa wenzetu wa nchi nyingi nyingine halipo. Mwanachama au keshia akikupigia simu na kusema mfumo ulikwama saa nne, anamaanisha saa 10:00 kwenye kompyuta yake, na kumbukumbu za seva zilizoandikwa kwa UTC zitakuwa zimeandika 07:00. Nimewahi kusoma kumbukumbu za alfajiri kwa muda mrefu nikitafuta kosa lililotokea mchana. Tena Windows hupenda saa ya ubao mama iwe ya Afrika Mashariki ilhali Linux huipenda iwe ya UTC, na ukimkaribisha mgeni wa Windows kwa mipangilio ya mgeni wa Linux, anaamka akiwa nyuma kwa saa 3. Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni ya kuanzia uchunguzi: tofauti ikiwa inakua polepole, ni mipigo; ikiwa ni saa 3 kamili, ni mipangilio ya mgeni; na ikiwa ni saa 6 kamili, mashine haina kosa, ni Mswahili na mashine hawajaelewana.

Mambo mengi niliyoyasimulia yamepitwa na wakati. Keneli za siku hizi hazihesabu mipigo. Husoma kihesabio cha prosesa moja kwa moja, na kwenye KVM, haipavaiza ya Linux tuliyoihamia baadaye, kuna kvm-clock, ambamo mwenyeji humwandikia mgeni kwenye kumbukumbu ya pamoja jinsi ya kutafsiri kihesabio hicho kuwa saa. Mgeni hahitaji tena kuamshwa ili ajue muda umepita. Hata hivyo nimejifunza kutoamini bila kutazama. Miaka kadhaa iliyopita mgeni mmoja wa kanzidata alianza kuwa mzito bila sababu, prosesa ikifanya kazi kubwa kwa maswali madogo. Faili la current_clocksource, lililo chini ya /sys, lilionyesha kuwa keneli ilikuwa imepoteza imani na kihesabio na kuangukia acpi_pm, saa ya zamani inayokwenda kwa mipigo milioni 3.58 kwa sekunde. Saa hiyo ilikuwa sahihi. Ubaya wake ni kwamba kila inaposomwa, mgeni hulazimika kusimama na mwenyeji aingie kati amjibu, na kanzidata huuliza saa mara nyingi ajabu. PostgreSQL, programu ya kanzidata, ina kiprogramu kinachoitwa pg_test_timing cha kupima gharama ya swali hilo moja, na sasa nakiendesha kwenye kila mgeni mpya kabla sijamkabidhi kwa mtu.

Kilichobaki kunisumbua ni usingizi. Mashine pepe inaweza kusimamishwa kabisa, ikahamishwa, ikanakiliwa, kisha ikaamshwa, na yenyewe haina habari. Programu yetu ya kuchukua nakala za akiba humsimamisha mgeni mkubwa kwa sekunde kadhaa kila usiku, na usiku diski zikiwa na kazi nyingi sekunde hizo hufika 40. Akiamka, saa yake iko nyuma kwa sekunde 40. Chrony, ambayo ndiyo tunayotumia badala ya ntpd, kwa mipangilio ya kawaida ya makestep hukubali kurusha saa katika vipimo 3 vya mwanzo tu, baada ya hapo huivuta. Na ikiivuta kwa kasi yake ya juu kabisa, sekunde 40 zinahitaji angalau dakika 8, ambazo ndani yake kila sekunde ya mgeni ni fupi kuliko ya kweli. Kwa seva ya kurasa za wavuti niliiruhusu irushe saa wakati wowote. Kwa kanzidata sikuthubutu. Nilipanga nakala zichukuliwe baada ya kazi ya kufunga siku kwisha, na mwenyeji humwamuru mgeni aliyeamka asawazishe saa yake kwanza, kupitia wakala mdogo anayeishi ndani ya mgeni, kabla huduma hazijafunguliwa. Wapo watakaosema huo ni woga. Sikatai.

Tangu Linux 4.11 kuna pia moduli ya ptp_kvm, ambayo humpa mgeni kifaa cha kumuuliza mwenyeji saa moja kwa moja, bila pakiti kupita kwenye mtandao wowote. Mstari mmoja kwenye faili la chrony unatosha, na tofauti kati ya mgeni na mwenyeji hushuka hadi mikrosekunde chache. Ni mpangilio ninaoupenda kuliko yote niliyotumia, kwa sharti moja: saa ya mwenyeji iwe sahihi, na mwenyeji asimuulize mgeni. Kwetu mwenyeji huuliza kompyuta ndogo ya paani, na kompyuta ya paani haimuulizi mtu yeyote aliye ndani ya jengo.

Mhasibu mkuu alistaafu kabla sijafika huko. Wiki yake ya mwisho alinikabidhi bahasha ya stakabadhi zile 11, akisema wakaguzi wa hesabu wakizifikia, mwenye kuzieleza ni mimi. Pembeni mwa kila moja, kwa ule wino wake wa bluu, alikuwa ameandika idadi ya sekunde zilizokosewa, na chini yake maneno mawili: saa ya mashine. Kwenye moja tu, ya shilingi 30,000, alikuwa ameandika: keshia. Niliikagua upya dhidi ya kumbukumbu za zamani. Alikuwa sahihi.